Bei ya Kaseti ya Vidio na Nyongeza Zake

Vijana wetu wakiambiwa kwamba mwezi wa Oktoba 1983 kaseti moja ya vidio, yenye hadithi moja tu ya kama dakika tisini, iliuzwa Uingereza kwa karibu pauni 40, hudhani mzee anatia chumvi. Hakuna chumvi hata chembe. Mwaka huo leseni ya televisheni ya rangi ilikuwa pauni 46, nayo ilikuwa ya mwaka mzima na ya stesheni zote. Kaseti moja ilikaribia bei ya mwaka mzima wa kutazama, na ilikuwa kama robo ya mshahara wa juma wa mfanyakazi wa kawaida. Ndiyo maana jamaa zetu wengi, kama Waingereza wenyewe, hawakununua. Walikwenda dukani jioni, wakakodi kwa usiku mmoja, wakairudisha asubuhi kabla ya kuongezewa siku.

Somo hili huenda likaonekana jepesi kwa kitabu cha mwaka cha jamaa, ambamo tumezoea kusoma habari za nasaba, za safari za wazee na za harusi. Lakini ndani yake mna swali ambalo kila ukoo unalijua: kitu kikishapita, nani hukiweka, na nani hulipa ili kiwekwe? Nimechukua mchezo mmoja tu wa televisheni, Doctor Who wa BBC, kwa kuwa sijui mwingine ambao habari zake za bei na za nyongeza zimejulikana kwa ukamilifu kama huu. Waliolelewa Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970 hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine, ni hadithi ya msafiri anayekata zama na nyota ndani ya kibanda cha polisi cha rangi ya buluu, iliyoanza kuonyeshwa Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963, na watoto wakiitazama huku wamejificha nyuma ya kochi.

Kwanza niseme kwa nini bei ilikuwa kubwa kiasi kile. Kaseti za mwanzo hazikupangiwa bei ya mtu wa nyumbani. Zilipangiwa bei ya mwenye duka la kukodisha, ambaye angeikodisha kaseti ile ile mara hamsini na kurudisha fedha zake pamoja na faida. Marekani mambo yalikuwa vivyo hivyo, na filamu moja iliweza kufika dola 80. Mwaka 1982 kampuni ya Paramount ilipotoa Star Trek II kwa dola 39.95, watu wa biashara waliona ni ujasiri mkubwa, kwani ilikuwa inamwambia mtu wa kawaida: nunua, iwe yako. Mwaka 1985 kampuni hiyo hiyo ilianza kuuza sehemu moja moja za Star Trek ya zamani ya televisheni kwa dola 14.95. Rahisi, utasema. Lakini mchezo ule una sehemu 79. Piga hesabu mwenyewe, kisha utafute na kabati la kuziweka.

Na pauni 40 zile za Uingereza zilinunua nini? Hadithi ilikuwa Revenge of the Cybermen, iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1975 katika sehemu nne. Katika kaseti sehemu hizo ziliunganishwa zikawa kama sinema moja, na vichwa vya habari vya kati vikaondolewa. Picha ya jalada ilikuwa ya Cyberman wa miaka ya 1980, mwenye umbo jingine kabisa na wale waliomo ndani ya hadithi. Maelezo hayakuwamo, mazungumzo na wachezaji hayakuwamo, nyongeza haikuwamo hata moja. Mwaka 1984 ikafuata The Brain of Morbius, na hiyo ilikatwa kutoka kama dakika mia moja ikabaki kama saa moja. Mnunuzi alilipa zaidi ili apate kidogo kuliko alivyopata bure aliyetazama Jumamosi jioni miaka minane nyuma. Sokoni Darajani muuza samaki angefanya hivyo asingemaliza juma.

Kuna habari inayosimuliwa sana kuhusu namna hadithi ile ilivyochaguliwa. Wakati wa Pasaka 1983 BBC ilifanya maonyesho makubwa huko Longleat kusherehekea miaka ishirini ya mchezo. Wapenzi wake walifika kwa maelfu, msongamano wa magari ukafunga njia, na huko wakaulizwa: mngependa hadithi gani itolewe katika vidio? Wakajibu kwa wingi: The Tomb of the Cybermen, ya 1967. Jibu zuri, ila BBC haikuwa nayo. Ilikuwa imekwisha kuifuta. Kwa hiyo wakapewa hadithi nyingine yenye Cybermen ndani yake.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, maana bei yote iliyokuja baadaye ina mizizi hapa. Katika miaka ya 1960 ukanda wa vidio wa studio ulikuwa kitu cha gharama kubwa, nao uliweza kufutwa na kutumiwa tena. Mapatano na vyama vya wachezaji yaliweka mipaka ya kurudia kuonyesha mchezo, kwa hiyo baada ya muda fulani ukanda ulikaa rafuni bila ya kazi. Kisha ikaja rangi mwishoni mwa muongo ule, na michezo ya rangi nyeusi na nyeupe ikaonekana kama kanzu kuukuu. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mtu atataka kuiweka nyumbani kwake, kwa sababu mashine ya nyumbani haikuwapo. Kufuta hakukuwa uovu wa mtu mmoja. Kila mtu ofisini aliamini kwamba mwenzake katika idara nyingine anayo nakala. Hali hiyo iliendelea mpaka 1978, Sue Malden alipokabidhiwa kazi ya kuchagua vitu vya kuhifadhiwa akaanza kuuliza nini kipo na nini hakipo.

Kilichookoa sehemu nyingi ni biashara ya nje. Kabla ya kufuta, BBC ilikuwa ikitengeneza nakala katika filamu za milimita 16 na kuziuza kwa stesheni za nchi nyingine. Katika Afrika zilinunuliwa na nchi kadhaa, Nigeria, Zambia, Kenya na Uganda zikiwamo. Jamaa zetu waliokuwa Nairobi au Kampala katika miaka ile, wenye televisheni au wenye jirani mwenye televisheni, wanaweza kuwa waliwaona Daleks pale pale. Mkataba ulisema kwamba muda ukiisha, filamu zirudishwe, au zipelekwe kwa nchi iliyonunua baadaye, au ziharibiwe na barua ya kuthibitisha ipelekwe London. Wengi walitii. Wachache walisahau. Na usahaulifu huo, ndugu zangu, sasa unathaminiwa kuliko utiifu wote ule.

Mwishoni mwa 1991 makopo manne ya filamu ya The Tomb of the Cybermen yalipatikana Hong Kong. Mei 1992 hadithi ilikuwa tayari imo madukani katika kaseti, nzima, sehemu zote nne, na mwanzoni mwake aliwekwa mwongozaji wake, Morris Barry, akielezea alivyoitengeneza. Dakika chache tu za mzee akizungumza. Lakini naona kwamba hapo ndipo biashara ilipogeuka. Mnunuzi hakuuziwa picha peke yake, bali aliuziwa na kumbukumbu ya mtu aliyekuwapo. Bwana Barry alifariki mwaka 2000. Angengojewa miaka kumi zaidi, hayo asingeyasema mtu mwingine.

Diski za DVD zilianza kuuzwa Marekani 1997 na Uingereza mwaka uliofuata. Diski ilikuwa na nafasi ambayo kaseti haikuwa nayo, na mashine iliweza kuchezesha sauti ya pili juu ya picha ile ile. Kutoka hapo likaja lile jambo la wachezaji na waongozaji kuketi pamoja, miaka thelathini au arubaini baadaye, wakitazama kazi yao na kusema wanayoyakumbuka. The Tomb of the Cybermen ilipotoka katika DVD 2002, Frazer Hines na Deborah Watling waliketi namna hiyo. Bibi Watling alifariki 2017. Yaliongezwa pia maandishi ya chini yenye habari za kila siku ya kazi: tarehe ya kurikodi, nani aliugua, mandhari gani iliazimwa kutoka mchezo gani. Watu wengi huyapita maandishi hayo. Mimi huyasoma kabla ya kitu chochote, kwa kuwa humo mna majina ya mafundi, wapiga rangi na washona nguo ambao hakuna gazeti lililowahi kuwataja.

Nyongeza iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, imo katika sanduku la hadithi tatu za mwanzo lililotoka Januari 2006. Katika hadithi ya kwanza wameketi Verity Lambert, aliyekuwa mtayarishaji wakati ambapo wanawake wenye cheo hicho BBC walihesabika kwa vidole, na Waris Hussein, mwongozaji aliyezaliwa Lucknow, India. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu walipopewa mchezo ambao wakubwa hawakuutarajia kudumu. Mwanamke na Mhindi katika studio ndogo ya zamani yenye joto, wote wawili wakijua kwamba wapo watu katika jengo lile wanaongoja waanguke. Wengi wetu tulioingia kazini katika nchi hizi miaka ile ile tunaijua hali hiyo bila ya kuelezwa. Bibi Lambert alifariki Novemba 2007, siku moja tu kabla ya mchezo kutimiza miaka arubaini na minne.

Nisisahau waliookoa kwa njia za nyumbani, maana habari yao inatuhusu zaidi. Hakuna sehemu hata moja ya Doctor Who iliyopotea ambayo sauti yake haikubaki. Sababu ni kwamba walikuwapo vijana waliokuwa wakiweka maikrofoni mbele ya spika ya televisheni na kurikodi katika rikoda ya kanda, wakimwomba mama asigonge vyombo. Sauti hizo baadaye zilisafishwa, na juu yake zikachorwa picha za katuni: sehemu mbili za The Invasion mwaka 2006, na The Power of the Daleks nzima mwaka 2016. Alikuwapo pia John Cura, mpiga picha wa London, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha kioo cha televisheni wakati mchezo unaonyeshwa na kuwauzia watengenezaji na wachezaji. Kwa hadithi nyingine, picha zake ndizo zilizobaki za kumjulisha mtu sura ya mambo.

Lakini habari ya The Daemons inapita zote. Hadithi hiyo ya 1971 ina sehemu tano za rangi, na BBC ilibakiwa na sehemu moja tu katika rangi. Nyingine zilikuwa filamu nyeusi na nyeupe. Mtu mmoja Marekani alikuwa amezirikodi kutoka stesheni ya kwao, katika mwisho wa miaka ya 1970, kwa mashine ya Betamax ya sebuleni. Picha yake ilikuwa hafifu, lakini rangi ilikuwamo. Mafundi wakaichukua rangi ile wakaitandika juu ya filamu safi ya BBC, kama mtu anavyotia rangi ukili, na mwaka 1992 hadithi ikaonyeshwa tena nzima katika rangi zake. Kaseti ya mtu binafsi iliyokuwa haina bei ikamaliza upungufu wa ghala la shirika kubwa. Nasema haya nikijua kwamba katika nyumba zetu za London, Maskati na Dubai mna makaseti ya harusi na maulidi ya miaka ya 1980 yaliyowekwa juu ya makabati, na kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza mashine za VHS, Funai ya Japani, iliacha kazi hiyo Julai 2016.

Hata wakaguzi walisaidia bila ya kukusudia. Australia walikuwa wakikata vipande vya kutisha kabla ya kuwaonyesha watoto, na kuviweka katika faili kama ushahidi wa kazi. Mwaka 1996 vipande hivyo viligunduliwa katika nyaraka zao. Kwa hivyo kuna hadithi ambazo leo hazina kitu kingine cha kutazama ila zile nukta chache zilizosemwa kwamba hazifai kutazamwa. Zimo katika sanduku la Lost in Time la 2004.

Turudi kwenye bei. DVD moja ya Doctor Who ilipangiwa pauni 19.99, na baada ya miezi michache iliweza kupatikana kwa nusu yake. Marekani ndiko ulikozidi kuenea mtindo wa kuuza msimu mzima ndani ya sanduku moja. Msimu wa kwanza wa The X-Files ulitoka huko mwaka 2000 kwa karibu dola 150, bei ya kutisha, lakini ukaondoka. Baada ya hapo kila kampuni ikafungua ghala lake.

Hapo ndipo jamaa walipoanza kutumiana, na hapo ndipo wengi walipogundua kwamba dunia imegawanywa. Kaseti ya Uingereza ilichezwa Oman, Kenya na Unguja bila ya taabu, kwa kuwa nchi hizo zote zilifuata mfumo wa PAL. Ilipopelekwa Toronto au Washington, kwenye mfumo wa NTSC, ilitoa mistari na mvua tupu. DVD zikaongeza ukuta wa pili wa namba za maeneo: Marekani na Kanada namba 1, Ulaya na Ghuba namba 2, Afrika Mashariki namba 5. Zawadi ya shangazi kutoka Maskati iliweza kukubalika Leicester na kukataliwa Mombasa. Ukuta huu haukuwa na sababu ya ufundi. Ulikuwa wa bei, ili diski iliyouzwa rahisi huku isije ikauzwa kule kulikopangiwa bei kubwa na tarehe nyingine. Mafundi wa mitaani, wa kwetu na wa Dubai, waliuvunja mapema. Blu-ray ilipokuja, Ulaya, Ghuba na Afrika ziliwekwa kundi moja, yaani B, na ugomvi huo ukapungua.

Kwa jamaa wa Marekani kulikuwa na shida nyingine: muziki. Watengenezaji wa zamani walilipia nyimbo kwa ajili ya kurusha hewani tu, tena kwa muda. Vidio ya nyumbani haikuwamo katika mkataba kwa kuwa haikuwamo katika akili ya mtu. WKRP in Cincinnati, mchezo wa 1978 hadi 1982 kuhusu stesheni ya redio, ulipotolewa katika DVD 2007 nyimbo nyingi ziliondolewa na kuwekwa muziki mwingine usio na jina. Mchezo wa redio bila ya nyimbo zake ni kama pilau bila ya bizari. Kampuni ya Shout! Factory iliutoa upya 2014 baada ya kulipia nyimbo nyingi zilizokuwa zimeondolewa. Mwaka huo huo The Wonder Years ukatoka nao, baada ya kungojewa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo, ndani ya kabati dogo la chuma mfano wa kabati la mwanafunzi, kwa karibu dola 250. Mtu aliyecheka kabati lile hakujua kwamba sehemu kubwa ya bei ilikuwa ya nyimbo.

Lawama nayo ipo, na sioni sababu ya kuificha. Mpenzi wa dhati wa Revenge of the Cybermen ameinunua katika kaseti 1983, katika DVD 2010, na katika Blu-ray 2018 pamoja na msimu wake wote. Kuanzia 2010 zilitolewa pia DVD zilizokwisha kutolewa, zimesafishwa upya na kuongezewa mazungumzo, na mtu akalazimika kununua mara ya pili kwa ajili ya nusu saa ya maneno. Masanduku ya Blu-ray hutolewa kwa idadi ndogo, yakiisha hupanda bei kwa wachuuzi. Hapo nyongeza inakuwa chambo. Hata hivyo nitasema upande wa pili: bila ya fedha za wale walionunua mara tatu, wazee wale wasingelifuatwa majumbani mwao na kuulizwa, na mafundi wasingelipewa muda wa kuunganisha rangi ya The Daemons.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba filamu za hadithi mbili, The Enemy of the World na The Web of Fear, zimepatikana katika stesheni ya televisheni huko Jos, Nigeria. Sehemu tisa zilizokuwa hazijulikani zilipo zikarudi, na katika sehemu 253 za miaka sita ya mwanzo zikabaki 97 zisizopatikana. Safari hii watu hawakungoja kaseti wala diski. Siku ile ile ya tangazo waliweza kuzinunua kwa njia ya intaneti, bila ya nyongeza yoyote, kama ilivyokuwa 1983, ila kwa bei ya chakula cha mchana.

Sasa mambo yanaelekea huko. Netflix iliacha kupeleka DVD kwa posta Septemba 2023, na Best Buy, duka kubwa la Marekani, liliondoa diski rafuni mwaka uliofuata. Novemba 2023, mchezo ulipotimiza miaka sitini, BBC iliweka zaidi ya sehemu 800 za Doctor Who katika iPlayer, bila ya malipo kwa mwenye leseni. Hadithi moja haikuwamo, nayo ni ile ya kwanza kabisa, kwa sababu mrithi wa mwandishi wake na BBC hawakukubaliana juu ya haki. Aliyetaka kuiona siku ile ya sherehe ilimpasa awe na sanduku la 2006 nyumbani kwake, na kama analo, angeweza kubonyeza sauti ya pili na kumsikia Verity Lambert na Waris Hussein wakichekeana juu ya mlango wa kibanda uliokuwa haufungi.